Kadi Sita za Mama Kyule

Meza ya Kalunde haikupita mlangoni. Fundi Joram na mwenzake waliibeba kutoka karakana yao ng'ambo ya barabara ya Namanga, wakafika uani jasho likiwatoka, ndipo wakaona kwamba meza ilikuwa pana kuliko mlango. Waliilaza ubavu, wakaipindua miguu juu, wakajaribu hata dirisha. Mwishowe Joram akaiweka chini, akaketi juu yake na kucheka.

"Mama Kyule, hii meza ni ya mkuu wa wilaya. Wewe uko na vyumba viwili. Utalala juu yake ama chini yake?"

"Nitakula juu yake," Kalunde akajibu. "Ng'oa miguu, uiingize, uifunge tena ndani. Na ukimaliza, Krismasi uje uketi."

Hiyo ilikuwa Novemba 1996. Nina hakika kwa sababu niliandika. Mimi ni karani wa shule, nimezoea kuandika, na chumba changu kilipakana na vyake. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mabati.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Kalunde, lakini katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga hakuna aliyelitumia. Alikuwa Mama Kyule, kwa ajili ya mwanawe wa pekee, kama mimi nilivyokuwa Mama Judy. Ndivyo tunavyoitana hapa Kitengela. Mwanamke akizaa, jina lake mwenyewe hufungiwa kabatini. Mumewe Maweu, aliyekuwa mwashi, alikufa kwa kifua mwaka 1993, na tangu hapo mama na mwana walikuwa wawili tu. Kyule aliuza dawa za mifugo katika duka moja la Bisil, akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Kalunde alifanya kazi katika shamba la maua upande wa Isinya, kwenye chumba cha gredi. Wanawake husimama humo kutwa nzima wakipima mashina, wakitenga waridi la kusafirishwa ng'ambo na lile la kutupwa. Waridi likiinamisha kichwa walisema, "Hii imelala," na likishalala halina safari. Hayo yaliyolala ndiyo aliyoyaomba kila Desemba. Aliyafunga kwa gazeti, akayaleta nyumbani, akayatumbukiza mpaka shingoni katika ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mengi yalikuwa yameinua vichwa.

Nyumba nyingi za hapa zilikuwa na meza ya kulia iliyosukumwa ukutani, imebeba redio, themosi na vitabu vya watoto. Chakula chenyewe kililiwa kwenye makochi, sahani juu ya magoti. Meza ya Kalunde nayo ilikaa ukutani miezi kumi na mmoja. Ifikapo tarehe ishirini na nne Desemba alitoa kitanda uani, akakifunika nailoni, akaivuta meza katikati ya chumba.

Alijifunza kazi hiyo kule Machakos, alipofika kidato cha pili kabla ya karo kumshinda. Mwalimu wake wa sayansi kimu, Bi. Nalianya, aliwafundisha kuandaa meza ya sikukuu, na daftari la somo hilo Kalunde alikuwa nalo bado, limefungwa kwa uzi. Nililisoma. Mtihani ulisema: andaa meza ya watu watano. Alipata alama kumi na nane juu ya ishirini. Chini, kwa wino mwekundu, mwalimu ameandika: "Safi sana, ila umeandalia sita."

"Nilimwambia, kwetu lazima mtu mmoja atokee hakuitwa," Kalunde alinieleza. "Akasema swali halikumtaja. Nikakosa mbili."

Alianza na kitambaa cheupe alichokishona kwa magunia ya unga, akiyachemsha kwa dawa ya jiki mpaka maandishi yakafutika. Katikati aliweka matawi ya ule mti wa miiba wenye vifundo vyeusi, unaopiga mluzi upepo ukipita. Yeye mwenyewe aliyakata kule nyikani, akayasugua kwa mswaki, akaondoa siafu. Kati ya miiba alichomeka waridi. Hapo alikuwa na sheria moja ya Bi. Nalianya aliyoitamka kama andiko: ua lisipite kidevu cha aliyeketi. Alikaa kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, akaangalia mbele, akarudi kukata shina. "Watu wamekuja kuonana," alisema, "si kuchunguliana."

Mwisho wa yote zilikuja kadi. Alizikata kutoka maboksi ya maua, upande mweupe nje, akazikunja ili zisimame, na kila kadi ikaandikwa jina la atakayeketi hapo. Mkono wake ulitetemeka kwa sababu ya baridi ya chumba cha gredi, kwa hiyo aliniletea mimi.

"Wewe uko na mwandiko wa serikali, Mama Judy. Andika. Mtu akikuta jina lake mezani ameshiba nusu."

Mwaka wa kwanza tuliketi watano: Kalunde, Kyule, Joram, mimi na Judy wangu. Kadi ya sita ilikuwa nyeupe, ya yule asiyeitwa. Joram aliambiwa asianze kula mpaka glasi zilizofunikwa zigeuzwe, akasema amekula arusi za wakubwa na hakuna siku aliyozuiwa na glasi. Kyule alicheka mpaka akakohoa.

Nashipae alikuja Krismasi ya 1998. Kyule alimleta kutoka Bisil bila kutuarifu, akasimama naye mlangoni, matope yamefika vifundoni.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, kwa Kikamba chao, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili msichana asikie, "huyu ni Nashipae. Usiulize mengi leo."

"Siulizi," Kalunde akasema. "Mama Judy, lete kalamu."

Niliandika jina lile kwenye kadi nyeupe, nikaisimamisha. Msichana akaketi mbele yake akiitazama kama mtu aliyewekewa kitu asichojua kama kinaliwa. Hakuwa amesoma. Kyule akachukua kidole chake, akakipitisha juu ya herufi moja moja: na, shi, pa, e. Alirudia mara tatu. Mara ya nne msichana alisoma peke yake, kwa sauti, na Joram akapiga makofi hata akaangusha uma.

Hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma. Kyule alirudi Bisil na zile kadi mfukoni, akamfundisha kwa majina yetu sote, na Krismasi iliyofuata Nashipae aliizunguka meza akitusoma mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu. Alikuja na zawadi: pete sita za ushanga, za kuvisha vitambaa vya mkono, kila moja rangi zake. Ya Kyule ilikuwa nyekundu na nyeupe. Kalunde alizipanga, akazipangua, akazipanga tena. Tangu siku ile Nashipae alimwita Yieyo, kama Wamaasai wamwitavyo mama, na Kalunde alimwita binti yangu, wala hakusema "mke wa Kyule" hata mara moja.

Mwanzoni mwa 2000 walizaa msichana. Kwa desturi ya Wakamba alipewa jina la nyanya yake, mama ya baba. Akaitwa Kalunde. Kyule aliposimama uani akiita, "Kalunde! Njoo hapa, Kalunde!" mwanamke mzima na mtoto waliitika pamoja, na ploti nzima ikacheka. Ndipo wengi walipojua kwamba Mama Kyule alikuwa na jina lake.

Kyule alikufa Septemba 2001. Alikuwa amepanda lori la ng'ombe kutoka soko la Bisil, kwa sababu aliyemwahidi nafasi alikwisha ondoka, na lori lilipinduka kabla ya kufika Isinya. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alizikwa kwao Makueni, kando ya baba yake. Sitaandika zaidi kuhusu siku hizo.

Mwezi wa Oktoba watu wa pande mbili walikutana. Hapakuwa na ugomvi. Walikubaliana kwamba Nashipae arudi kwa baba yake Bisil na mtoto, ila kila Krismasi mtoto aletwe Kitengela kwa nyanya yake. Kalunde alinisimulia akiwa ameketi kitandani, mikono imelala mapajani.

"Nimebakishiwa siku moja kwa mwaka, Mama Judy. Moja. Lazima iwe nzuri mpaka wasiweze kuikosa."

Kuna jambo lingine la miezi ile ambalo niliandika bila kulielewa. Kila asubuhi mwanamke mmoja Mmaasai, Naserian, alituletea maziwa. Alikuwa na desturi ya kusimama langoni akiita, "Takwenya, Mama Kyule!" naye Kalunde akajibu kutoka ndani, "Iko!" kama salamu hiyo ya Kimaasai inavyoitikiwa. Baada ya mazishi Naserian aliacha. Alisema, "Takwenya, mama," basi. Kalunde alizihesabu siku.

"Umesikia yule?" aliniuliza. "Siku kumi na nne haniiti. Ameona mtoto amekwenda, ameninyang'anya na jina. Kama mimi si Mama Kyule, mimi ni mama ya nani?"

Nilimwambia huenda ni huruma tu. Sikujua. Nimeishi na Wamaasai miaka mingi, nimenunua maziwa yao na kuwasalimu kwa lugha yao, na sikujua.

Krismasi ya 2001 aliianza mapema kuliko yote. Alichemsha kitambaa mara mbili. Alileta waridi jeupe, ambalo hakuwahi kulileta. Tarehe ishirini na tano asubuhi alinikabidhi kadi sita, akataja majina nami nikaandika: Mama Judy, Judy, Nashipae, Kalunde mdogo, yeye mwenyewe. Joram alikuwa kwao mwaka huo. Kadi moja ikabaki.

"Ya sita ni ya asiyeitwa?" nikauliza.

"Ya sita andika Kyule."

Kalamu ilisimama. Aliona.

"Asipokuwa na kadi atakuwa amefukuzwa," akasema. "Kwa hii nyumba hakuna mtu amefukuzwa."

Niliandika. Niliandika vizuri kuliko zile nyingine. Nakumbuka nilivyoukunja mkia wa herufi ya kwanza. Akaiweka mbele ya kiti chake cha siku zote, na pete nyekundu na nyeupe, na glasi ya maji iliyojaa.

Naserian alikuja na maziwa mlango ukiwa wazi. Upepo uliingia, kadi ya Kyule ikaanguka kifudifudi. Kalunde aliiokota, akaiweka mahali pake, ikaanguka tena. Naserian alisimama kizingitini na mtungi wake, akaangalia waridi, pete, kadi. Alikuwa hajui kusoma sana, lakini maji katika glasi mbele ya kiti kitupu hayahitaji kusomwa. Akaielekeza kadi kwa kidevu.

"Mama, hiyo jina imelala."

"Ee, ni upepo," Kalunde akasema. "Asante." Akaisimamisha, akaiegemeza kwenye glasi isianguke tena.

Naserian aliitazama kadi tena. Kisha akamimina maziwa kwenye sufuria, akaondoka bila kuaga.

Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi. Katika Kiswahili chetu cha huku bara, jina na kadi na ua hulala kwa namna moja: imelala. Kalunde alikuwa amelisikia neno hilo kila siku katika chumba cha gredi, na dawa yake aliijua: kilicholala husimamishwa. Kama mmoja wetu angesema Kiswahili cha vitabuni, kama Naserian angesema "limelala", labda ningeinua kichwa. Au labda nisingeinua. Nami nilikuwa nimesoma.

Nashipae alifika saa saba. Alikuwa amenyoa kichwa, na mtoto alikuwa mgongoni amelala. Kalunde alimshika mikono yote miwili, wakasimama hivyo. Kisha akamleta mezani, akavuta kiti chake, akarudi nyuma ili aone uso wake atakapoiona.

Nashipae aliisoma meza kama alivyozoea, akianzia kushoto. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Mama Judy. Judy. Alipofika ya tatu midomo ilikuwa imekwisha tamka herufi mbili za mwanzo kabla macho hayajamwonya. Alijiziba kinywa kwa kiganja.

"Keti, binti yangu," Kalunde akasema. "Tuko wote."

"Yieyo, nani ameandika?"

Mimi ndiye niliyepaswa kujibu.

"Kwetu aliyekwenda haitwi," Nashipae akasema. Hakupaza sauti. "Miezi mitatu nimenyamaza. Nikiota, nanyamaza. Mtoto akiuliza baba, namwonyesha ng'ombe, namwonyesha ndege. Na nyinyi mmemwandika. Mmemwekea maji." Akaanza kurudi nyuma. "Yeye ndiye alinifundisha kusoma. Hapa. Sasa mnataka nimsome?"

"Sikujua," Kalunde akasema. "Nashipae, sikujua. Naitoa. Ona, naitoa."

Aliishika kadi kwa haraka, glasi ikapinduka, maji yakaenea juu ya kitambaa mpaka kwenye pete. Mtoto aliamka akalia. Nashipae alikuwa amekwisha toka nje. Tulimwona akivuka uani upesi, akimfunika mtoto kichwa kwa shuka, na mfuko wake wa nguo ukabaki kwenye kiti. Kalunde alimfuata mpaka barabarani akiwa miguu mitupu. Pikapu iliyomleta ilikuwa bado inajaza mafuta; Nashipae aliipanda, ikaondoka naye. Aliporudi alikuwa na matope meusi miguuni, mazito kama viatu, akaketi hivyo hivyo mezani mbele ya vyakula vilivyofunikwa.

Kesho yake Naserian alitueleza. Si kila Mmaasai hushika desturi ile siku hizi, alisema, lakini kwao Nashipae hushika: mtu akifa jina lake hulazwa, haliitwi tena, na mwenye kulingana naye kwa jina hutafutiwa jingine.

"Ndio maana huniiti," Kalunde akasema.

"Ningekuitaje, mama? Kila asubuhi nimpige kelele langoni? Na jana nilikuambia. Nilisema imelala."

"Nilidhani ni kadi."

Naserian aliweka mtungi chini. "Woi," akasema, akajifuta macho kwa ncha ya shuka.

Krismasi ya 2002 hawakuja. Kalunde alikuwa ametuma salamu tatu kwa wachuuzi wa soko la Bisil, na mara zote jibu lilikuwa moja: Nashipae ameshukuru, hawezi. Mwaka uliofuata, siku ya soko, alichukua ruhusa ya shamba akaenda mwenyewe, Naserian akimsindikiza. Alipokelewa kwa heshima. Baba yake Nashipae, mzee mpole, alimpa kiti, chai ya maziwa matupu, akamwambia hakuna ubaya kati yao. Nashipae alikuwa Namanga siku hizo, akiwauzia watalii shanga mpakani, na mtoto yuko naye.

"Ni meza tu anaogopa," mzee akasema. "Anasema akiiona atasikia yule akihesabu herufi."

"Na mtoto? Kalunde hajambo?"

Mzee aliangalia chini. "Tunamwita Simaloi."

"Kwa nini? Mimi sijafa."

"Wewe hujafa, mama. Lakini aliyekuwa akimwita hilo jina ni yule. Mama yake kila akiliita, alisikia sauti mbili."

Kalunde alinirudishia maneno hayo yote kama yalivyo. Alikuwa amevua viatu vyake vya safari, anavipiga pamoja kutoa vumbi.

"Basi, Mama Judy," akasema, "wamenilaza na mimi."

Tangu hapo nilianza kumwita Kalunde. Nilimuuliza kwanza. Alifikiri kidogo, akasema ni sawa, kwa kuwa mtu mmoja angalau alitumie.

Aliendelea kuandaa. Nimeandika kila mwaka. 2003: waridi la rangi ya chungwa, kadi ya Nashipae na kadi ya mtoto zimesimama, hawakuja. 2004: Joram ameoa, amehamia Kajiado, Judy yuko chuoni, tuliketi wawili na Naserian, ambaye alikula haraka kama mtu anayetimiza wajibu. 2005: ukame. Ng'ombe walikuwa wakifa kando ya barabara, Naserian hana maziwa ya kuuza, na nyikani matawi yalikuwa yamekauka hata vifundo vikadondoka ulipoyagusa. Kalunde alivibandika kwa gundi. Mwaka huo niliuliza kama haoni amechoka. Alinijibu kwamba meza ikikosekana mwaka mmoja, wakija mwaka huo watasema hawakungojwa.

Maradhi ya sukari yalimpata 2006. Yalimla vidole viwili vya mguu, akaachishwa kazi ya kusimama, na waridi la mwisho aliletewa na wenzake wa gredi. Aliketi kwenye kiti kando ya mlango akaniongoza mimi. Kitambaa kivute kushoto. Uma usizidi ukingo. Nilipomletea kadi na kalamu, alitikisa kichwa.

"Acha nyeupe zote. Atakayekuja atajijua."

Tulipomaliza nilimsaidia kukaa mahali pake. Alitazama mbele, kisha akasema, "Umepitisha kidevu."

Nilipima kwa macho yangu. Waridi lilikuwa pale pale lilipokuwa kila mwaka. Yeye ndiye aliyekuwa ameshuka. Nilikata mashina. Alitazama tena, akasema bado. Nikakata mara ya pili, mpaka waridi likakaa juu ya miiba kama limemwagwa.

"Hapo," akasema. "Sasa namwona."

Mbele yake palikuwa na kiti kitupu.

Alikufa Machi 2007. Alinikabidhi meza, na bati la biskuti lenye pete na kadi za zamani, ambazo hakutupa hata moja isipokuwa ile ya Kyule, ambayo aliizika Makueni mwenyewe. "Bati mpe mwenye jina," alisema. Hakutaja jina lipi.

Desemba hiyo Joram alikuja kutoka Kajiado na spana zake. Meza ilikataa mlango wangu kama ilivyokataa wake. Aling'oa miguu, akaifunga tena ndani, na safari hii hakufanya mzaha wowote. Naserian alikuwa amepeleka habari Namanga kwamba mwenye meza ametutoka, bila kumtaja. Mimi niliandaa nikiwa na daftari la Bi. Nalianya mkononi.

Kadi zilinishinda. Niliweza kuandika Naserian, Joram, Nashipae. Ya mtoto sikujua. Simaloi hakuwa yule aliyengojwa miaka sita, na Kalunde sasa lilikuwa jina la marehemu. Mwishowe nilifungua bati, nikatoa kadi ya mtoto ya 2001, ile niliyoiandika Kalunde kwa mkono wangu mwenyewe, imebadilika rangi ukingoni kwa yale maji yaliyomwagika. Niliiweka mbele ya kiti kilichokuwa cha nyanya yake. Sikuisimamisha. Niliifunika kifudifudi, na juu yake nikaweka moja ya zile pete sita.

Walifika alasiri, siku mbili kabla ya kura ya uchaguzi mkuu. Nashipae alikuwa amenenepa kidogo, amevaa koti la mjini. Msichana alikuwa mrefu, mwenye paji la uso la Kyule, hata Joram akageuka kuangalia ukuta. Nashipae alisimama kizingitini akaiona meza. Nilimwona akianza kushoto, akitusoma. Alimaliza mzunguko. Akaingia.

"Nimechelewa, Mama Judy," akasema.

"Keti," nikamwambia. Nikamvutia kiti.

Msichana alikuwa wa kwanza kuzungumza. "Mbona maua ni mafupi hivi?"

"Ndio tuonane," nikasema.

Akatuangalia sisi sote, mmoja baada ya mwingine, akakubali. Kisha akatazama kadi za wengine, halafu yake.

"Yangu imelala," akasema, akanyoosha mkono kuisimamisha.

Mama yake aliushika mkono ule kwa upole juu ya kitambaa. Naserian aliacha kupumua, nilimsikia.

"Wacha ilale," Nashipae akasema.

Tuligeuza glasi, Joram akaomba, tukala. Msichana alikula vizuri, akaongeza chapati. Hakuuliza tena, lakini mara mbili nilimwona akiinua ukingo wa kadi kwa ukucha na kuuachia. Wakati wa kuaga nilimpa mama yake bati la kadi amtunzie, pete nikazisahau mezani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalibeba kifuani mpaka barabarani.

Walipoondoka nilipangusa meza. Matawi, uma, vitambaa, pete tano. Nilitafuta chini ya viti, kwenye mikunjo ya kitambaa, hata kwenye mifupa ya kuku niliyokwisha zoa. Kadi ile haikuwepo, wala pete iliyokuwa juu yake. Sijui ni yupi kati yao aliyeichukua.